Mkono Uliochelewa Kuachwa

Guria, 12 Machi 1979

Mwanangu Malkhaz,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamepona. Sisi huku tunaendelea. Mguu wa Mama Mkubwa wako Ksenia bado unamsumbua, ila mdomo wake, kama unavyoujua, haujapata kuugua. Mvua imenyesha tangu katikati ya Februari na matope yamefika ngazi ya pili ya baraza. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kaburi la marehemu baba yako nimelipalilia na kulisawazisha, kwa hiyo hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Jumamosi tulialikwa kwa mwalimu Irodi kutazama televisheni, tukakuona. Ksenia alilia tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo hakuona kitu. Mimi niliona.

Nisikilize, maana bado ni mwalimu wako. Khorumi ni ngoma ya vita na inahesabiwa tano: tatu ndefu, mbili fupi. Wanaume wameshikana mikono kwa sababu wanamwendea adui gizani, na kila mmoja anataka kujua kama mwenzake bado yuko hai. Wapelelezi wanapotoka mbele, mstari hufunguka na mikono yote huachana pigo la tano. Si pigo linalofuata, la tano. Nimefundisha hivyo miaka thelathini na minane. Mkono wako wa kushoto ulichelewa. Mara ya kwanza nilidhani ni televisheni ya Irodi, ambayo ina tabia zake. Mstari ulipofunguka tena, ukachelewa tena. Wewe hujakosa hesabu tangu una miaka tisa.

Huyo kijana aliyekuwa kushoto kwako ni nani?

Lamara, binti wa Irodi, ndiye aliyetuandalia chai. Amemaliza chuo cha ualimu. Si msemaji sana, na kazi haimchoshi. Aliuliza habari zako mara moja tu, kwa adabu. Mimi sisemi neno. Nakukumbusha tu kwamba una miaka ishirini na sita.

Baba Mkubwa wako,
Ambrosi


Tbilisi, 4 Aprili 1979

Baba Mkubwa, shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mkubwa.

Mimi ni mzima. Magoti yamepona, sasa ni zamu ya kifundo cha mguu. Chumba chetu cha bweni kimepata dirisha jipya baada ya miezi minne ya gazeti na gundi. Mkuu wa kikundi chetu cha ngoma, Anzor, anakusalimu sana. Kila tukikosea anatuambia kwamba wewe ungetuchapa kwa fimbo ya ngoma, na nikimwambia hukuwahi kunichapa hasadiki. Kuna habari za safari ya Ufaransa mwezi wa Januari. Majina yanapitia kwenye kamati, na kamati haina haraka.

Kijana wa kushoto anaitwa Jumber. Anatoka Kakheti, alilelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, na ndiye bora kati yetu kwenye ngoma ya visu. Tunakaa chumba kimoja. Anapika maharage yasiyolika. Anasema watu wa Guria tunaongea mbiombio kwa sababu tunaogopa mvua itatukatiza.

Kuhusu mkono: sakafu ya studio ilikuwa imepakwa nta. Niliogopa atateleza.

Baba Mkubwa, nina ombi moja. Mwezi wa Oktoba tukipewa likizo, nataka kuja kuvuna zabibu na kuja naye. Hana kwao. Nataka akae mezani kwetu, umtazame kwa karibu. Ukikataa, nitaelewa, ila nitakuomba usinielezee sababu.

Msalimie mwalimu Irodi na wote wa nyumbani kwake.

Mwanao,
Malkhaz


Guria, 30 Juni 1979

Mwanangu,

Salamu nyingi. Unisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mavuno ya chai, kisha paa la zizi, kisha shemeji yangu wa Lanchkhuti alifariki, tukaenda kumzika. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba barua yako nilikaa nayo mfukoni hadi Ksenia akaifua pamoja na koti.

Nimecheza kwenye sakafu ya nta, kwenye sakafu ya mawe, na mwaka wa arobaini na sita nilicheza juu ya lori. Sijui sakafu inayomfanya mtu ashike mkono kwa namna ile. Lakini nimeliacha.

Mgeni hutoka kwa Mungu. Ndivyo tulivyolelewa na ndivyo nilivyokulea. Njoo naye. Mama Mkubwa wako ameshatenga jogoo wawili na amewaambia. Jumapili ile nitawaalika Irodi na Lamara pia, kwa kuwa meza ya watu wanne haifai kitu.

Ambrosi


Tbilisi, 9 Novemba 1979

Baba Mkubwa, shikamoo.

Tumefika salama. Mvinyo haukumwagika, na mkate wa jibini haukuvuka hata stesheni ya pili. Mwambie Mama Mkubwa kwamba Jumber bado anamsimulia kila mtu jinsi alivyopandishwa juu ya mti na kikapu mgongoni. Kwao Kakheti mizabibu inafika kiunoni tu. Hakusadiki kwamba kuna watu wanaoacha mzabibu ukwee mti mzima kisha wanaufuata huko huko juu. Anasema nyinyi hamvuni, mnawinda. Na Mama Mkubwa alivyomjibu kutoka chini, "Shuka basi, mwindaji, umeketi juu ya chakula cha jioni," hilo analirudia kila siku.

Nimengoja wiki mbili ili niandike yanayofuata, na nimechana karatasi nyingi.

Mezani Jumapili ile ulikuwa wewe mkuu wa meza. Ulipofika kwenye kunywea mapenzi ulimpitishia Jumber pembe ya mvinyo, kama ilivyo haki ya mgeni, ukamwambia amtaje msichana wake kabla ya kunywa. Alisimama. Irodi akamtania: "Ni wengi nini, hata hujui uanze na yupi?" Watu wakacheka. Jumber hakumtaja mtu. Akanywa hadi tone la mwisho, akageuza pembe chini kuonyesha ni tupu, akaketi. Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, nami nikatazama sahani yangu.

Asubuhi ulitusindikiza hadi kwenye basi ukituelezea historia ya daraja.

Lamara ni msichana mwema. Anastahili mume ambaye atafurahi anapoingia chumbani. Mimi si huyo, na sitakuwa huyo kwake wala kwa msichana mwingine. Usiniulize zaidi kwa barua. Barua zina macho mengi. Nimekwambia kwa sababu ni wewe uliyenilea, na nimechoka kula chakula chako huku nimejificha.

Nakuomba kitu kimoja tu: tuache kama tulivyo. Hatumsumbui mtu. Tunacheza, tunalala, tunakwenda mazoezini.

Malkhaz


Guria, 27 Novemba 1979

Mwanangu Malkhaz,

Natumaini u mzima. Huku baridi imeanza. Ksenia anamfumia soksi yule rafiki yako, ameshamaliza mguu mmoja. Ndama anakua.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia jikoni, ikaungua. Sijaielewa na sitaki kuielewa. Naelewa ngoma. Kwa hiyo nimeshughulikia upande ninaouelewa.

Kabla ya safari ya Ufaransa macho yatakuwa mengi kuliko yale ya televisheni. Nilichokiona mimi, wengine watakiona pia. Nimemwandikia Anzor, ambaye nilimfundisha hata kufunga mkanda, nikamshauri amwondoe Jumber kando yako na kumweka mwisho wa mstari. Na kwa kuwa haifai kumshauri mtu wa kazi bila kumpa sababu, nimemweleza kwa utaratibu: kwamba mikono ya vijana hawa wawili huchelewa kuachana, kwamba nimeithibitisha kwa macho yangu, kwenye televisheni na hapa nyumbani walipocheza uani, na kwamba hili si kosa la kuhesabu. Nimetumia lugha ya kazi yetu tu. Mkiwa mbali mbali mstarini hakuna atakayeona kitu, nanyi mtakwenda Ufaransa na kurudi salama. Utaona kwamba nimekutendea wema.

Ksenia alinikuta ninabandika stempu. Akasema, "Mzee, umeona moshi, sasa unauandikia upepo barua." Wanawake wana maneno yao.

Kuhusu Lamara, tutazungumza ukija Mwaka Mpya.

Ambrosi


Guria, 21 Januari 1980

Mwanangu,

Hii ni barua ya tatu tangu Desemba. Huenda posta imezubaa kwa ajili ya theluji.

Mwaka Mpya tulikungoja. Tangu una miaka saba wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuvuka kizingiti chetu, ukimwaga nafaka na kututakia heri, na miaka yote hiyo mguu wako haukutuletea baya. Ksenia aliufunga mlango tangu alfajiri ili asitangulie mtu mwingine. Mchana akaingia jirani Bichia kuazima shoka, akiwa amelewa, na huyo ndiye aliyetufungulia mwaka.

Tulitazama habari kwa Irodi. Wameonyesha kikundi chenu kikipanda ndege. Nilihesabu watu wote. Sikukuona wewe, na sikumwona yeye. Anzor alikuwa pale, amevaa kofia mpya. Nimemwandikia, hajajibu.

Kama ni kifundo cha mguu, sema. Kama umenikasirikia kwa ajili ya mstari, sema pia. Andika hata neno moja. Mama Mkubwa wako haniulizi tena kama posta imepita, na hilo ndilo linalonitisha.

Ambrosi


Tbilisi, 10 Machi 1980

Baba Mkubwa,

Barua zako tatu zimefika. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa laana, na sikulelewa kumlaani mzee.

Anzor aliogopa kukaa na barua yako. Alisema akiificha na jambo likajulikana baadaye, yeye ndiye atakayeulizwa. Akaipeleka kwenye kamati ya safari. Tarehe kumi na nne Desemba tuliitwa, mimi na Jumber pamoja. Nyuma ya meza walikuwa watu watatu. Mwanamke mmoja aliisoma kwa sauti, polepole, kwa sababu mwandiko wako ni mzuri na alikuwa anaufurahia. Alipofika kwenye "si kosa la kuhesabu" akavua miwani, akauliza, "Kama si kosa la kuhesabu, ni kosa la nini?"

Ndipo Jumber akasimama, akasema, "Ni kosa langu. Mimi ndiye nisiyemwachia. Yeye huvuta mkono wake, mimi namkatalia. Muulizeni mwenyewe."

Wakaniuliza. Baba Mkubwa, waliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikasema ndiyo.

Jumber aliniitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu sawasawa. Wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Unaijua sheria inavyosema kwa wanaume wa namna yetu. Mwezi wa pili alihukumiwa miaka mitatu. Mimi nimeondolewa mstarini. Niko stoo ya mavazi, nashona vifungo na kupaka viatu rangi. Wananiambia nishukuru. Kitanda cha pili chumbani kimepewa mpiga zumari anayekoroma.

Umeniuliza mara nyingi kuhusu Lamara. Jibu langu ni ndiyo. Nimejifunza kwamba neno hilo si gumu kulisema. Mwambie Irodi, na uandae harusi baada ya Pasaka. Nitakuja, nitavaa, nitacheza. Umepata ulichokitaka, Baba Mkubwa, chote.

Malkhaz


Guria, 18 Aprili 1980

Mwanangu Malkhaz,

Salamu za nyumbani utazipata mwishoni, kwa kuwa leo zikitangulia nitajificha ndani yake tena.

Nilijua. Nilijua tangu siku ile kwa Irodi, kabla ya chai kupoa. Nilikwambia naelewa ngoma tu, na huo ulikuwa uongo. Nilimwandikia Anzor kwa lugha ya kazi ili nisiwe nimesema nililolisema. Maisha yangu yote nimeamini kwamba jambo likielezwa vizuri huwa limekwisha nusu. Sikujiuliza hata mara moja ninamweleza nani.

Umesema ulisema ndiyo mara mbili. Mimi ndiye niliyeandika swali. Yaweke hayo juu yangu. Ni mahali pake.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nimekwenda kwa Irodi nikamwambia hakuna posa na haitakuwapo. Hakuniaga. Lamara alinifuata na mwavuli hadi langoni. Akaniambia, "Baba, mimi nilijua siku ile mezani. Nilikuwa nangoja mmoja wenu anihurumie." Akarudi ndani. Kwa hiyo usimwoe mtu ili kuniadhibu. Nimeadhibiwa.

Kisha nilipanda treni nikaja Tbilisi. Sikuja kwako, niliogopa uso wako. Nilikwenda gerezani, maana nilikuwa nimeulizia nikaambiwa hawajampeleka kambini na hawatampeleka kabla ya kiangazi. Vifurushi vinapokelewa Jumanne moja kila mwezi, na kwa ndugu tu. Nilisimama kwenye foleni ya kina mama tangu alfajiri. Wanasogea mbele kama watu waliozoea. Mmoja alinionyesha jinsi ya kukata kitunguu vipande ili wasikikatae. Nilipofika dirishani, mwandishi, kijana mwenye mafua, aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikamwambia, "Baba yake mkubwa."

"Jina la ukoo si moja."

"Upande wa mama."

"Hapa imeandikwa ni yatima, hana ndugu."

"Basi aliyeandika hakuuliza vizuri," nikasema.

Akanitazama kifuani. Nina miaka sabini na moja na nilikuwa nimevaa medali zangu za vita. Akaandika. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya ofisi, na sikuueleza.

Walipokea vitunguu, tumbaku, sabuni, na soksi za Ksenia. Baada ya saa tatu wakanirudishia karatasi yenye maandishi yake. Nakunukulia yote: "Nimepokea vyote. Soksi zinanitosha. Baba Mkubwa asisimame tena kwenye mvua, atashikwa na kifua." Hakuna zaidi. Nilikaa kwenye ukuta nje ya lango na karatasi hiyo hadi mwanamke mmoja akaja kuniuliza kama mtu wangu amekufa.

Jumanne ijayo ya vifurushi ni tarehe kumi na tatu Mei. Nitakuja tena. Dirishani huandikwa ndugu wawili kwa kila mfungwa, na nafasi ya pili iko wazi. Sikuambii uje. Jina lako wanalijua, na ukilitia mle huenda ukapoteza hata stoo, au zaidi ya stoo. Nimekwisha kukuambia mengi katika maisha yako, na uliyafuata, na tazama tulipofika. Nakujulisha tarehe tu.

Salamu sasa. Ksenia anaweza kutembea hadi kisimani. Anasema chumba chako kiko kama ulivyokiacha, na kwamba kina vitanda viwili.

Ambrosi


Tbilisi, 5 Mei 1980

Baba Mkubwa, shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mkubwa. Nafurahi kwa habari za kisima.

Treni yako inafika saa kumi na moja alfajiri. Usianze kutembea na mizigo. Ningoje chini ya saa ya kituo.

Juzi nilikwenda kwenye lile dirisha nikachukua fomu ya ndugu wa pili, ili siku yenyewe tusipoteze nafasi kwenye foleni. Yule kijana bado ana mafua. Nimejaza jina langu lote, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, na mahali ninapofanya kazi. Sikuficha kitu. Imebaki sehemu moja tu, mstari mfupi, usiozidi kidole: uhusiano na mfungwa.

Nimekaa na kalamu siku nzima. Nikiandika ndugu, nitakuwa nimemkana mara ya tatu. Nikiandika lililo kweli, hawatapokea hata sabuni, na mimi nitaingia kwa mlango ule wa pembeni.

Wewe unajua kueleza mambo. Niambie, Baba Mkubwa, nikiulizwa ni nani wake, niandike nini?

Mwanao,
Malkhaz